Kabla ya kumtimua kocha, mwenye timu atuambie alimwajiri kwa vigezo gani

Ndugu Mhariri,

Tangazo lenyewe tumelizoea hadi tunaweza kuliandika wenyewe. Picha ya kocha imetiwa rangi ya majivu, nembo ya klabu iko kona ya juu, chini yake maneno mawili: Asante Kocha. Kisha sentensi mbili: klabu inapenda kuutaarifu umma kwamba imefikia makubaliano ya pande mbili ya kusitisha mkataba, na inamtakia kila la heri huko aendako. Huwa linatoka usiku, siku moja au mbili baada ya kipigo cha nyumbani. Kukicha, vijiwe vya Kirumba, Mabatini na Igoma hapa Mwanza vinajadili nani anakuja. Nani alimleta huyu aliyeondoka, kwa vigezo gani, na fidia yake inatoka mfuko upi, hayo hayamo kwenye tangazo wala kijiweni.

Tunaandika kuhusu hayo yasiyokuwemo.

Ukanda huu wa ziwa una sababu ya kuyadai majibu. Toto Africans ilishuka Ligi Kuu mwaka 2017. Mbao na Alliance zikashuka pamoja 2020. Gwambina ya Misungwi ikafuata 2021, Biashara United ya Musoma 2022, Geita Gold 2024, na Kagera Sugar, tuliyozoea kuiona uwanja wa Kaitaba mwaka hadi mwaka, 2025. Timu saba ndani ya miaka minane. Pamba Jiji ilirejea msimu wa 2024/25 baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20.

Hatudai kwamba zote zilizama kwa sababu ya kufukuza makocha. Timu hushuka kwa mishahara inayochelewa, kwa usajili wa kubahatisha, kwa basi linalofika ugenini saa tano usiku wa kuamkia mechi. Lakini hebu mtu atuambie, ni ipi kati ya hizo iliyo mikononi mwa kocha? Zote ni za mwenye timu, awe halmashauri, kampuni, shule au mfanyabiashara mmoja. Kocha ndiye kasoro pekee ambayo mwenye timu anaweza kuiondoa kwa bango la Instagram bila yeye mwenyewe kuguswa.

Tuanze na imani yenyewe, kwamba kocha mpya huja na upepo wake. Upepo huo mara nyingi ni ratiba. Ligi yetu ina timu 16 na mechi 30. Tuchukulie timu ndogo ambayo mechi zake nane za mwanzo zina Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars, tatu kati ya hizo ugenini. Imeambulia pointi 6. Kocha anatupiwa virago. Mechi nane zinazofuata ni dhidi ya timu za saizi yake, tano zikiwa nyumbani. Anayekuja anavuna pointi 13, na mji mzima unasema huyu ana mkono. Yule wa kwanza angevuna ngapi kwenye mechi zile zile? Hakupewa nafasi ya kuzicheza.

Mwanauchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliwahi kulichunguza jambo hili kwenye ligi kuu ya kwao kwa misimu ya 1986 hadi 2004. Hakuishia kuzitazama klabu zilizofukuza. Alizitafuta pia klabu zilizopatwa na mdororo kama ule ule zikamwacha kocha wao, akazilinganisha. Zilizofukuza zilipanda baadaye, na zisizofukuza zilipanda vile vile. Mwenye timu hufukuza pale mambo yanapogusa tope la chini, na ukishagusa tope, hatua yoyote inakupandisha. Sifa anapewa aliyekuwepo wakati wa kupanda.

Hapo msomaji wa Jangwani, yaani shabiki wa Yanga, atatukatiza: msimu wa 2024/25 Yanga ilianza na Miguel Gamondi, ikaenda kwa Sead Ramovic, ikamalizia na Miloud Hamdi, na ubingwa ikachukua. Ni kweli, na hatutaki kuupita mfano huo kwa kunyata. Yanga ina kikosi ambacho mchezaji wake wa akiba angeanza karibu kila timu ya kanda hii. Ina uwezo wa kulipa benchi linaloondoka na linaloingia mwezi huo huo. Kikosi cha namna hiyo hubeba kosa la mwenye timu na bado kikashinda. Timu yenye wachezaji 14 wa kutegemewa haibebi. Na Yanga hiyo hiyo, ilipotaka kujenga na siyo kuokoa msimu, ilimchukua Nasreddine Nabi Aprili 2021, ikamwacha, akatwaa ligi misimu miwili iliyofuata na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Anayeiga Yanga basi achague anaiga ipi.

Kosa lenyewe hasa ni lipi? Si kufukuza. Kufukuza ni risiti tu ya kosa lililofanyika siku ya kuajiri. Nottingham Forest ya Uingereza imetuonyesha jambo hili kwa uwazi ambao mtu asingeweza kuutunga. Chini ya Nuno Espírito Santo walimaliza nafasi ya 7 msimu wa 2024/25 kwa kukaa chini, kubana nafasi na kushambulia kwa kushtukiza. Septemba 2025, baada ya mechi tatu tu za ligi, Nuno akaondolewa baada ya kutoelewana na wakubwa. Mmiliki, Evangelos Marinakis, akamleta Ange Postecoglou, kocha anayepanda mabeki hadi karibu na mstari wa kati na kutaka timu yake ishike mpira. Wachezaji ni wale wale waliozoeshwa kinyume chake. Siku 39, mechi nane, hakuna ushindi hata mmoja, na akafukuzwa dakika chache baada ya filimbi ya mwisho. Ni sawa na kumkabidhi nahodha wa dagaa nyavu za sangara za inchi 6, kisha ukamgombeza kwamba dagaa wamepita. Nyavu hakununua yeye.

Huku kwetu jambo hilo lina sura ya kalenda. Kamati ya usajili inafanya kazi yake Juni na Julai. Kocha anatambulishwa Agosti, ameshika jezi, anatabasamu. Anakuta winga wanne, mabeki wa pembeni wawili ambao mmoja ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, na kipa wa pili aliyeletwa kwa sababu ana mtu wake kamati. Anaomba kiungo mkabaji, anaambiwa asubiri dirisha dogo la usajili. Dirisha dogo linafunguliwa Desemba. Yeye kashaondoka Novemba. Kiungo anasajiliwa kwa ajili ya kocha mpya, ambaye alitaka mshambuliaji.

Gharama ya mabadiliko hayo uwanjani huwa haielezwi, na ndiyo inayoua. Kocha mkuu haondoki peke yake. Anaondoka na msaidizi, mara nyingi na kocha wa makipa, kocha wa viungo na mchambuzi wa video kama alikuwepo. Daftari lenye rekodi za nani aliumia lini na anaweza kukimbia kiasi gani linaondoka nao. Anayeingia anataka kuonyesha kwamba mambo yamebadilika, kwa hiyo siku kumi za kwanza anaongeza mbio maradufu. Miili iliyopangiwa mzigo fulani tangu maandalizi ya wiki sita ya kabla ya msimu inapewa mzigo mwingine ghafla, katikati ya mechi za kila wiki na safari. Msuli wa nyuma ya paja ndio wa kwanza kukatika, na mchezaji anakaa nje wiki tatu hadi sita. Kwa timu ya Mwanza kuna la ziada: ukifanya mazoezi wiki nzima juu ya nyasi bandia za Nyamagana halafu ukacheza CCM Kirumba kwenye nyasi za asili, mdundo wa mpira na mkao wa kiatu ni tofauti. Kocha mwenye miezi sita mjini anajua siku ipi ya wiki ahamie Kirumba. Mgeni atajifunza kwa kufungwa.

Tazameni pia kona. Kuna kocha anayetaka kila beki ashike mtu wake, na kuna anayetaka kila mmoja alinde eneo lake, mmoja nguzo ya karibu, wawili katikati ya boksi dogo, mmoja wa kuwahi mpira unaotoka nje. Kubadili kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kunahitaji marudio mengi, angalau vipindi viwili kwa wiki kwa mwezi mzima. Timu iliyobadili kocha wiki iliyopita utaiona: kona inapigwa, mabeki wawili wanamkimbilia mshambuliaji mmoja, mshambuliaji wa pili anaruka peke yake. Mtangazaji anasema wamekosa umakini. Hawajakosa umakini, wana mafunzo mawili kichwani.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wamiliki wengi hujidanganya kwamba wamefukuza bure. Tuchukulie kocha wa kigeni wa mshahara wa shilingi milioni 8 kwa mwezi, mkataba wa miezi 24, anafukuzwa mwezi wa nne. Imebaki miezi 20. Kanuni za FIFA za ajira ya makocha, zilizoanza kutumika Januari 1, 2021, ziliweka wazi kwamba mkataba ukivunjwa bila sababu ya haki na haukutaja fidia, kocha asiyepata kazi nyingine anastahili thamani yote iliyobaki: milioni 160. Akipata kazi ya milioni 5 kwa kipindi hicho hicho, klabu inalipa tofauti, milioni 3 mara 20, yaani milioni 60. Kama chanzo cha kuvunjika ni malimbikizo ya mishahara, juu ya hiyo tofauti anaongezewa mishahara mitatu, milioni 24. Na kufungwa mechi tano mfululizo si sababu ya haki. Hilo vyombo vya haki za soka vimelirudia mara nyingi: matokeo mabaya peke yake hayavunji mkataba.

Klabu ikiamriwa na FIFA kulipa, inapewa siku 45. Zikipita, inafungiwa kusajili, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu kamili mfululizo. Klabu kadhaa za Tanzania, kubwa na ndogo, zimeshaonja kifungo cha aina hii kwa madeni ya wachezaji na makocha. Kwa timu ya kupigania kubaki ligini, dirisha moja lililofungwa ni karibu sawa na kushuka. Kocha mgeni ana njia nyingine pia: akikaa miezi miwili bila mshahara, anaandika barua ya madai, anatoa siku zisizopungua 15, zikipita bila jibu anaondoka yeye mwenyewe akiwa na haki zake zote. Tumeona viongozi wakishangaa barua hiyo ikifika, kana kwamba miezi miwili imepita kwa siri.

Kocha mzawa hana FIFA ya kumkimbilia. Shauri lake liko kwenye vyombo vya ndani. Ndiyo maana yeye hufukuzwa kirahisi zaidi na kulipwa kwa mafungu yasiyoisha. Huyo ndiye tunayemwonea zaidi.

Sasa lile neno la makubaliano ya pande mbili. Brazil walijaribu kulidhibiti suala hili mwaka 2021. Klabu za ligi kuu zilikubaliana kwamba kila klabu inaruhusiwa kufukuza kocha mmoja tu kwa msimu. Ikimfukuza wa pili, nafasi yake ichukuliwe na mtu aliyekwisha kufanya kazi klabuni hapo angalau miezi sita. Kanuni nzuri. Klabu zikagundua mlango wa nyuma: aliyeondoka kwa makubaliano hahesabiki kuwa kafukuzwa. Ghafla kila mtu akawa anaachana na kocha wake kwa amani. Mwaka uliofuata kanuni ikatupwa. Sisi hatujawahi hata kuwa na kanuni, lakini maneno ya kuikwepa tayari tunayo.

Tunarudi Mwanza. Timu ikiwa ya halmashauri, kama ilivyo Pamba Jiji, fidia ya kocha haitoki mfukoni mwa tajiri. Inatoka kwenye mfuko ule ule unaopokea ushuru wa soko na leseni za biashara. Halmashauri kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nne-nne-mbili, na hii si ya uwanjani. Zile milioni 160 za mfano wetu ni mikopo ya milioni kumi kumi kwa vikundi 16. Pamba Jiji iliuanza msimu wake wa kwanza wa kurudi na Goran Kopunovic, ikaumaliza na Fredy Felix Minziro, na ikabaki Ligi Kuu. Hatusemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Huenda ndio uliookoa msimu. Tunasema kwamba mwenye hesabu kamili ya uamuzi wowote wa aina hiyo ni halmashauri, na hesabu hiyo inapaswa kuanikwa kama inavyoanikwa hesabu ya barabara au zahanati. Mmiliki binafsi anaweza kusema pesa ni zangu. Halmashauri haina neno hilo.

Je, kuajiri kuzuri kunakuwaje? Kunaanza kabla jina lolote halijatajwa. Andikeni kurasa mbili: tuna wachezaji gani, tunataka kucheza vipi, lengo la msimu ni nafasi ya ngapi, bajeti ya benchi zima ni kiasi gani kwa mwezi. Aandike nani? Mkurugenzi wa ufundi ambaye mkataba wake ni mrefu kuliko wa kocha, ili kocha akiondoka pawepo mtu anayejua kona zilikuwa zinalindwa vipi. Kama klabu haina uwezo wa mkurugenzi wa ufundi, kocha wa vijana mwenye uzoefu anaweza kubeba kazi hiyo kwa nyongeza ya posho. Waiteni watu watatu. Kila mmoja apewe video za mechi zetu mbili, tuliyoshinda na tuliyofungwa, arudi baada ya siku tatu aeleze alichoona. Anayekuja na hotuba ya falsafa bila kumtaja mchezaji wetu hata mmoja kwa namba ya jezi, hajatazama. Pigeni simu klabu mbili alizotoka mwisho, mzungumze na meneja wa timu, yule anayepanga vyumba na basi. Mwenyekiti atawapa maneno ya heshima tu. Leseni ithibitishwe Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) kabla ya kusaini. Timu kumtambulisha kocha mkuu kwa mbwembwe kisha akaandikishwa kama msaidizi kwa sababu leseni yake haifiki daraja A la CAF, shirikisho la soka Afrika, ni aibu inayozuilika kwa barua moja. Kwa mgeni, kibali cha kazi na cha ukaazi vianze siku ya kukubaliana, si siku ya mechi ya kwanza.

Mkataba uwe wa msimu mmoja wenye kipengele cha kuongeza wa pili malengo yakifikiwa. Miaka miwili ya moja kwa moja kwa klabu isiyojua mapato yake ya Januari ni ushujaa wa kalamu. Fidia iandikwe ndani, tuseme mishahara mitatu, na iwabane wote wawili: klabu ikivunja inalipa hiyo, kocha akikimbilia kwingine naye analipa hiyo. Kifungu kinachoibana klabu peke yake au kocha peke yake hakifiki mbali mbele ya vyombo vya haki za soka. Malengo yawe yale ambayo kocha anaweza kuyagusa. "Kuifanya timu iwe tishio" si lengo. Pointi 15 ifikapo mechi ya 15 ni lengo. Wachezaji wawili wa chini ya miaka 20 kucheza dakika 600 ni lengo. Na kabla ligi haijaanza, mishahara ya miezi mitatu ya benchi la ufundi iwe imekaa kwenye akaunti yake, haiguswi kwa nauli wala kwa bonasi ya kumfunga mtani.

Kupima nako kuna namna yake, na haihitaji kompyuta ya kigeni. Chukueni kila mechi ya msimu huu mwitafute mechi hiyo hiyo ya msimu uliopita, mpinzani yule yule, uwanja ule ule. Mpinzani aliyeshuka, wekeni aliyepanda badala yake. Kama mwaka jana kwenye mechi hizi nane mlipata pointi 7 na sasa mna 6, hakuna kilichoanguka isipokuwa subira. Halafu mtu mmoja akae na marudio ya mechi na daftari la mistari, aweke alama kwa kila shuti lililopigwa ndani ya boksi, letu upande wa kushoto, lao kulia. Mechi moja humaliza kama saa mbili na nusu. Baada ya mechi nane, kama letu ni 44 na lao 30 huku pointi ni chache, tatizo ni mmaliziaji au kipa, na kocha mpya hatafunga badala yao. Kama letu ni 20 na lao 55, na pengo linapanuka tangu mechi ya nne, hapo kikao cha kumjadili kocha kina haki ya kuitishwa. Tathmini rasmi ziwe mbili: baada ya mechi ya 15 na mwisho wa msimu. Katikati, kocha aondolewe kwa utovu wa nidhamu, kwa kughushi leseni, kwa kuuza nafasi za kikosi, au kwa daftari kama hilo la pili. Si kwa kelele za jukwaani.

Maana zipo pia nyakati ambazo kumwacha kocha ni uzembe. Wachezaji wakiacha kumsikiliza, utaona: maelekezo yanatolewa, nahodha anageuka kuutazama upande mwingine. Hapo kuchelewa nako kunaua. Tunachokataa ni uamuzi wa usiku mmoja wa mtu aliyekasirishwa na matokeo.

Kuhusu safari hatuna mengi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi la kwenda Geita na Bukoba halisubiri kivuko tena, kwa hiyo kisingizio kimoja kimekufa. Kufika siku moja kabla ya mechi, mapema, wachezaji wakala na kulala, ni kazi ya mwenye timu.

Kwa TFF na Bodi ya Ligi tunaomba kanuni tatu ziingie kabla ya msimu mpya. Ya kwanza, jina la kocha mkuu mpya lisipokelewe kwenye orodha ya benchi mpaka klabu iwasilishe ama stakabadhi ya malipo ya aliyeondoka, ama ratiba ya mafungu yenye saini yake mwenyewe kocha huyo. Msaidizi aliyepo aongoze timu mpaka karatasi hiyo ifike. Ya pili, kuondoka kokote kunakoanzishwa na klabu kuhesabiwe ni kufukuza, hata kukiitwa makubaliano. Ya tatu, kocha mkuu wa tatu ndani ya msimu mmoja atoke ndani ya klabu. Klabu zitalalamika kwamba mikono yao imefungwa, na hilo ndilo lengo.

Magazeti nayo yasiishie kunakili tangazo. Mwandishi akipokea lile bango la majivu, ampigie mwenye timu, si msemaji wa klabu, amuulize mambo manne: nani alimpendekeza huyu, alishindanishwa na nani, mkataba umebaki miezi mingapi, na atalipwa lini.

Kwa madiwani wetu wa Jiji, kikao cha baraza kijacho kinatosha kuanza. Waombe takwimu tatu mezani kwa maandishi: idadi ya makocha na wasaidizi waliosaini na Jiji tangu timu ipande, kiasi kilicholipwa kwa walioondoka kabla ya muda, na kiasi kinachodaiwa hadi leo. Nakala moja ibandikwe ubao wa matangazo pale CCM Kirumba, karibu na dirisha la tiketi.

Wafuatiliaji wa soka,
Kirumba, Mwanza